Milimita za Ukweni

Redio ya Dada Buli ndiyo iliyowasha moto. Msomaji wa habari alikohoa kidogo, akatangaza kwamba nguruwe pori wameendelea kushambulia mashamba ya bondeni, wamekula mahindi, wameangusha uzio, na mmoja wao amekutwa asubuhi amelala ndani ya bafu la nje la ofisa kilimo, tena kwa raha zake. Kwa hiyo, wenye leseni za bunduki za kuwindia wanaruhusiwa kuwapunguza kuanzia Jumamosi.

"Kuwapunguza!" Spika akadakia kabla msomaji hajavuta pumzi. "Jamani, nguruwe wanapunguzwa kama kiuno cha suruali!"

Spika alikuwa fundi wa redio, na sauti yake hakuna fundi aliyewahi kuiweza. Alikuwa amekaa ncha ya benchi, nje ya lile duka la matairi ambalo mwenyewe alilifunga akahama bila kuaga. Kando yake alikaa Picha, mwenye studio ya picha za vitambulisho, na Miwani, aliyekuwa akiuza miwani ya kusomea kwenye sinia na akijiona daktari wa macho aliyekosa koti jeupe tu. Dada Buli alikuwa nyuma ya jiko lake la mkaa, akimimina kahawa na kuwasuta wateja kwa wakati mmoja, bila hata tone kumwagika.

Ndipo Shabaha akatokea, kifuani amekumbatia maboksi matatu kama mtu anayetoka hospitali na mapacha waliozidi.

Shabaha alikuwa dereva wa lori la maji, mtu mpole, mwenye bunduki moja halali aliyoachiwa na marehemu baba yake. Jina hilo alilipata msimu uliopita, alipomlenga nguruwe kwenye shamba la baba mkwe wake akalitoboa tangi la maji la mzee. Nguruwe alikunywa maji, akaenda zake. Tangu siku hiyo, Shabaha akienda ukweni alikuwa akikaribishwa kwa adabu zote isipokuwa kwa uso mkunjufu.

"Umebeba nini, baba? Mabomba?" Dada Buli akamuuliza.

"Darubini. Za kufunga juu ya bunduki. Bunduki yenyewe imefungiwa kabatini nyumbani, kwa hiyo msianze kuruka mitaro." Akazipanga kwenye benchi taratibu. "Binamu yangu wa duka la vifaa vya uwindaji kanipa nizijaribu machoni. Jioni narudisha mbili. Zote zinavuta sawasawa. Tofauti yake ni lenzi ya mbele. Hii milimita thelathini na mbili, hii arobaini na mbili, na hii hamsini na sita."

Ile ya hamsini na sita ilikuwa na mdomo mpana kama tarumbeta ya harusi. Benchi zima likaiinamia.

"Hapo hakuna mjadala," akasema Picha, na mjadala ukaanza. "Chukua kubwa. Lenzi ni dirisha, bwana. Dirisha likiwa kubwa, mwanga unaingia mwingi. Nguruwe anatoka saa ngapi? Jua likishazama. Hapo lenzi ndogo inakuonyesha usingizi."

"Picha, na huo mwanga wote ataupeleka wapi?" akauliza Miwani akifuta miwani isiyo na vumbi. "Mwanga unapita kwenye mboni. Na mboni za watu wa umri wetu hazifunguki tena kama za vijana. Ukizidi, unamwagika nje."

"Unamwagikia wapi?" Spika akauliza.

"Pembeni. Kwenye kope, kwenye shavu."

"Alaa! Ndiyo maana uso wa Picha umebabuka hivi. Miaka yote mwanga unamwagikia shavuni!"

"Mimi uso wangu ni wa kuzaliwa!"

"Basi mama yako alikuwa na lenzi kubwa."

Dada Buli akagonga buli kwa kijiko. "Mwacheni mwenye bunduki aseme. Wewe mwenyewe, baba, moyo wako uko wapi?"

Shabaha akakuna kisogo. Ukweni au kijiweni, yeye hakuwa mtu wa kupenda kubishana. "Mimi nilizijaribu zote nyumbani jana, mchana kutwa. Hii kubwa ni nzito. Halafu lazima uiinue kwa pete ndefu za kuifungia, maana ukiifunga chini, mdomo wake unagusa mtutu. Sasa ikiinuka, na shavu langu linainuka, linaachana na kitako cha bunduki. Nalenga huku nimetoa kidevu kama mtu anayenyolewa ndevu. Lakini hii ya arobaini na mbili..." Akaichukua, akaishika kama mtu anayeshika mkono wa mtoto. "Hii, nikilala tu kwenye bunduki, jicho linaangukia penyewe. Moyo wangu uko kwenye hii ya katikati."

Spika akaweka kikombe chini kwa uzito wa mtu aliyepokea taarifa ya msiba.

"Ya katikati," akarudia. "Mtu mzima, baba wa watoto, anasimama mbele za watu na kusema ya katikati. Hebu nikuulize, ndugu yangu. Mwanyumba wako ana ngapi?"

Hapo Spika alikuwa ametia kidole kwenye kidonda chenyewe. Huyo mwanyumba, mume wa dada yake mke wa Shabaha, alikuwa mkandarasi wa mapaa, mwenye viatu visivyojua vumbi na bunduki iliyong'aa kuliko viatu. Mzee hakuweza kumaliza kikombe cha chai bila kumtaja.

"Ana hamsini," Shabaha akajibu kwa sauti ya kuungama.

"Hamsini!" kijiwe kikaitikia.

"Na wewe uende na arobaini na mbili? Upungufu wa nane? Mkeo ataipitishia wapi sura yake?"

"Kwani hizo milimita anazivaa mke?" Dada Buli akauliza.

"Dada, ukweni kila kitu kinavaliwa na mke."

Miwani akataka kueleza kuhusu mboni mara ya pili, lakini Picha alikuwa ameshanyakua ile kubwa na kuielekeza mwisho wa barabara. "Tujaribu! Maneno hayana lenzi. Namwona kinyozi kule. Loo! Amemnyoa mtu upande mmoja, amekwenda kupiga simu."

"Na mimi nione!" Spika akachukua ile ndogo, akakunja jicho moja mpaka mdomo ukafuata. "Naona... naona nyumba yangu. Naona mlango wangu. Naona mke wangu mlangoni." Sauti yake ikapungua. "Anacheka. Anacheka na mwanamume."

Benchi likaacha kunywa kahawa.

"Mwanamume gani?" Picha akanong'ona.

"Sioni vizuri. Mrefu. Ana shati jeupe. Jamani, anapewa maji ya kunywa! Nipeni arobaini na mbili!" Shabaha akampa. "Bado anacheka. Amemgusa bega! Nipeni hamsini na sita, haraka!"

"Ni mchana kweupe!" Miwani akalia. "Mchana zote zinaonyesha sawa! Tofauti ni kiza kikiingia!"

Hakuna aliyemsikia. Spika aliibana tarumbeta jichoni kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akaishusha taratibu huku akifuta jasho.

"Ni shemeji," akasema. "Ni kaka yake. Amekuja kutoka safari." Akaitazama ile darubini kwa macho ya shukrani. "Mmeona? Kwa thelathini na mbili nimetaka kuvunja ndoa. Kwa hamsini na sita nina mgeni nyumbani."

"Ni kwa sababu amegeuka!" Miwani akasema. "Amekuonyesha uso!"

"Amegeuka kwa sababu ya lenzi. Wewe uza miwani yako, daktari."

Walikuwa katika hali hiyo, wengine wamesimama juu ya benchi na wapita njia wawili wameanza kupanga foleni, fimbo ilipogonga lami nyuma yao. Shabaha akageuka, akaruka wima kama aliyekalia kaa la moto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Baba mkwe alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua kwa joto wala kwa mvua. Alikuwa ametoka kijiji cha bondeni kuja kununua misumari ya uzio, na habari za darubini alikuwa amezipata njiani, maana Spika akiongea hakuna asiyepata habari. "Nimesikia mnachagua jicho la bunduki. Nileteeni hilo kubwa."

Akapewa kwa mikono miwili. Mzee akaiweka jichoni, akaielekeza barabarani, akatulia. Shabaha akaona mara moja kwamba ameishika kinyume, mdomo mpana ndio uko usoni. Akafungua mdomo. Dada Buli akamkanyaga mguu. Akaufunga.

"Naona mbali sana," mzee akasema kwa kuridhika. "Mbali kabisa. Watu wamekuwa wadogo kama siafu."

"Ndiyo, mzee," kijiwe kikajibu kwa pamoja.

"Safi. Nguruwe akiwa mdogo hivi, hata wewe huwezi kumwogopa." Akaishusha. "Hii ni ngapi?"

"Hamsini na sita, mzee."

"Na ya mwenzako?"

"Hamsini."

Mzee akahesabu kwa midomo. Kisha kikatokea kitu ambacho Shabaha hakukitarajia: yale mashavu mazito yakapanda, na meno yakaonekana. "Basi tumemzidi," akasema. "Tumemzidi kwa sita."

Tumemzidi. Shabaha alilisikia lile neno likishuka mpaka tumboni na kupata joto. Tangu tangi lilipotoboka, mzee alikuwa akimwambia "wewe" na "ninyi", na siku za hasira "yule". Leo, mbele za watu, wamekuwa kitu kimoja, wao wawili upande huu na mwanyumba upande ule. Akaitazama ile ya arobaini na mbili iliyolala kimya kwenye boksi lake. Shavu lake lilijua ukweli. Lakini shavu halina mkwe.

"Nachukua kubwa," akasema.

Kijiwe kikashangilia. Miwani peke yake akatikisa kichwa, akaenda kumuuzia miwani mmoja wa waliopanga foleni.

Jumamosi alasiri walikwenda wote. Hakuna aliyewaalika. Picha alisema anakwenda kuchukua kumbukumbu, Miwani akasema anakwenda kwa sababu za kitabibu, Dada Buli akasema wateja wake wakihama na yeye anahama, akabeba buli. Spika hakutoa sababu, alipanda tu kwenye lori la maji na kuanza kuongea.

Mzee, siku hiyo bila koti lake, alipanga mambo vizuri, hilo lazima lisemwe. Juu ya shamba kulikuwa na kichanja cha miti. Hapo akawekwa Shabaha, akitazama bonde na, ng'ambo ya bonde hilo, ukuta wa udongo wa machimbo ya zamani, ili risasi ikipotea ipotelee kwenye udongo. Mwanyumba akawekwa upande wa pili, chini karibu na uzio, naye akitazama ukuta huohuo. Alikuwa amevaa kofia mpya na fulana yenye mifuko mingi isiyo na kitu. Kijiwe kiliamriwa kibaki uani, na mzee akasema maneno hayo huku akimtazama Spika.

"Bunduki ina nini shingoni?" mwanyumba alikuwa ameuliza kabla hawajaachana, akionyesha taulo ambalo Dada Buli alikuwa amelikunja na kulifunga kwa mipira juu ya kitako, ili shavu la Shabaha lipate pa kulala.

"Ni mto."

"Bunduki inalala?"

"Milimita hamsini na sita," Shabaha akajibu, na mwanyumba akaitazama ile lenzi, akameza mate, akaenda zake.

Jua likazama. Mahindi yakawa ya kijivu, kisha ya buluu. Bila darubini, Shabaha alikuwa haoni tofauti ya bua na kivuli. Akalaza shavu kwenye taulo, akasogeza kichwa mbele, nyuma, mbele tena. Mara ya kwanza aliona kivuli kama mwezi mweusi. Mara ya pili aliona kope zake mwenyewe. Mara ya tatu, picha ikafunguka yote, na moyo wake ukaruka, maana ndani ya ile lenzi bado kulikuwa na mwanga, kana kwamba mtu amemfichia kipande cha jioni.

Na katikati ya mwanga huo alisimama nguruwe.

Alikuwa mkubwa, mwenye manyoya ya mgongo yaliyosimama, na hindi limemning'inia mdomoni kama sigara. Alikuwa akitafuna bila haraka. Shabaha akashusha pumzi nusu, akaizuia. Kidole kikaenda kwenye triga. Hakufikiria tangi wala koti la mzee. Alifikiria neno lile tu, tumemzidi, na mkono wake ukatulia ajabu.

Nyuma ya nguruwe kulikuwa na kisiki. Alikitazama kwa sababu mtu akilenga lazima ajue nyuma ya windo kuna nini, hilo baba yake alimfundisha kabla hajamfundisha kitu kingine. Kisiki kilikuwa kifupi, kimeinama. Kisiki kikajikuna sikio.

Shabaha akatoa kidole kwenye triga kama kilichoungua.

Akatazama tena. Kisiki kilikuwa na shati la mistari. Kilikuwa kimechuchumaa kwenye tuta, simu mkononi, mdomo unacheza. Hata kutoka kichanjani mtu angejua midomo ile.

"Spika!" Shabaha akapiga ukelele mpaka koo likauma. "Spika, lala chini!"

Kutoka kati ya mahindi, ile sauti isiyo na mfano ikajibu: "Huku hakuna mtu!"

Nguruwe akadondosha hindi. Hakuwa peke yake. Shamba zima likatingishika, mahindi yakalala huku na huku, kundi zima likatimka kuelekea machimboni likikoroma. Na chini karibu na uzio, kwa mshtuko au kwa wivu, bunduki ya mwanyumba ikalia mara moja. Paa!

"Nimempata!" mwanyumba akapaza sauti. "Mzee, nimempata! Ameanguka!"

Wakakimbia wote na tochi. Kwanza wakamkuta Spika, kifudifudi kwenye tuta, mzima, anapumulia udongo. Alikuwa akinong'ona kwenye simu, akirekodi habari za mapambano, apate kuzipeleka kijiweni mapema kabla ya wenzake. Picha akamkumbusha kwamba kijiwe chote kiko uani. Spika akasema hilo hakulifikiria.

Kisha wakaenda kutazama windo la mwanyumba. Lilikuwa limelala chali kati ya mistari miwili, mikono imetanuka, kofia imeanguka. Ilikuwa sanamu ya kutishia ndege, ya miti na nyasi. Imevaa koti la kijivu.

Mzee akaisogelea. Akapiga goti, akalivua lile koti taratibu kama anavyovuliwa mgonjwa. Akatia kidole kwenye tundu lililokuwa kwenye mfuko wa kushoto, kidole kikatokea upande wa pili. Akamtazama mwanyumba.

"Hii sanamu nimeivika leo asubuhi," akasema. "Jana nilikuwa nimelivaa mimi."

"Mzee, kiza kilikuwa..."

"Una ngapi wewe?"

"Hamsini, mzee."

"Hamsini." Akamgeukia Shabaha. "Na wewe? Umepiga nini?"

Shabaha alisimama na bunduki ameshaitoa risasi. "Sijapiga kitu, mzee. Nilimwona mtu."

Mzee akamwangalia Spika mwenye udongo puani, akaliangalia koti, akavuta pumzi ndefu. Akaweka mkono mzito begani kwa Shabaha, akauacha hapo. "Nina wakwe wawili," akasema. "Mmoja kaniua, mmoja kamwacha mtu aishi. Twende ukanywe chai, baba."

Asubuhi ya Jumatatu benchi lilijaa mapema. Spika alikuwa amesimama katikati, anaeleza jinsi alivyokitazama kifo machoni na kifo kikapepesa kwanza.

"Ni lenzi!" akapaza sauti. "Niliwaambia nini? Kiza kile, nani angeniona? Hamsini na sita ndiyo iliyoniokoa. Muulizeni mwenyewe. Ungekuwa na ile arobaini na mbili yako, ungeniona?"

Shabaha akafikiri kwa uaminifu. "Labda. Labda nisingekuona. Nadhani ningeona kisiki tu."

"Mmesikia? Kisiki! Kwa arobaini na mbili, leo mngekuwa mnanizika!"

Picha alikitazama kikombe chake. Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Watu walikuwa wamezama katika mawazo, kila mmoja na yake, na mawazo hayo yalikuwa yanafanana.

"Shabaha," Dada Buli akasema taratibu, "binamu yako bado anayo ile arobaini na mbili?"

"Anayo. Hata hivyo nakwenda kuibadilisha, shingo inaniuma, na mzee kasema sasa nichukue yoyote ninayotaka." Akanyanyuka, akaweka boksi kwapani.

"Jumamosi mnarudi shambani?"

"Tunarudi."

Spika akamtazama Shabaha, akamtazama Dada Buli, akalitazama benchi lote lililokuwa likimtazama yeye kwa upole usio wa kawaida.

"Jumamosi hii," akasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya kadiri, "mimi nadhani nitabaki nyumbani na shemeji."

Dada Buli akammiminia kahawa, akaijaza mpaka juu. "Mmeona?" akawaambia wengine. "Arobaini na mbili hata kufungwa haijafungwa, na imeshaanza kufanya kazi."